Redio, Televisheni na Intaneti Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chumba ninachofundishia kompyuta hapa Ngamiani kilikuwa karakana ya redio ya marehemu baba. Meza ni ileile, na bado ina madoa meusi ya chuma cha moto alichounganishia nyaya. Wanaokuja kwangu ni wanafunzi wa sekondari wenye kazi ya darasani, vijana wanaotaka kufungua redio au chaneli yao mtandaoni, na wazee wanaokuja kupokea picha za wajukuu walio mbali, kisha tukaishia kuzungumza mambo ya kale. Maswali yao nimeyaweka hapa karibu kama walivyoyauliza. Utaona jambo moja linajirudia katika majibu mengi, nalo ni ruhusa: nani aliruhusiwa kuzungumza na watu wengi kwa mpigo, nani aliitoa ruhusa hiyo, na kwa sababu gani. Kwangu hilo ni swali kubwa kuliko mashine zenyewe.

Kabla ya redio, habari zilifikaje Tanga?

Kwa majahazi, kwa miguu na kwa baraza. Kisha ukaja waya. Mkongo wa telegrafu ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, mwaka 1890 ukavushwa hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, na baada ya hapo Wajerumani wakavuta waya wa nchi kavu kufuata pwani hadi huku kwetu. Waya huo ulikuwa wa serikali na matajiri. Mkwezi wa Pongwe hakuwa na pa kuutumia.

Aliyejua kusoma alifikiwa na karatasi. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, pale Magila, Muheza, walitoa *Habari za Mwezi* tangu miaka ya 1890. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la *Kiongozi* likawa linachapishwa hapahapa Tanga mjini, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Wanafunzi wangu wengi hushtuka wakisikia hivyo, kwa sababu wamezoea kudhani kila kitu cha habari kilianzia Dar es Salaam. Waingereza walipoingia wakaleta *Mambo Leo*, mwaka 1923, lililojaa barua na mashairi ya wasomaji.

Ila tazama wenyewe walikuwa nani: misheni au serikali. Mpaka mwaka 1937 ndipo Erica Fiah, Mganda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alipoanzisha *Kwetu*, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Kwa zaidi ya miaka 40 watu wetu waliandika, walihariri na walisoma magazeti ya wengine.

Redio ya kwanza nchini ilianza lini?

Mwaka 1951, Dar es Salaam, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikageuka shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation, lililofuata mfano wa BBC ya Uingereza. Tarehe 1 Julai 1965 shirika hilo likavunjwa, na redio ikawekwa chini ya wizara kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD.

Wanafunzi, angalieni mtego huu wa mtihani: herufi TBC zimetumika mara mbili. TBC ya 1956 ni ya Tanganyika. TBC tunayoijua leo, Shirika la Utangazaji Tanzania, ilianza kutumia jina hilo mwaka 2007.

Babu anasema zamani redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Ni kweli?

Ni kweli, na mimi nimeiona kwa macho yangu. Redio iliwekwa dirishani, ikageuzwa uso nje, na watu wakakaa barazani na mkekani. Kwanza zilisikika ngoma, halafu sauti ya mtangazaji akianza taarifa ya habari, na hapo mtoto aliyekohoa alitazamwa kwa jicho kali. Baada ya habari zilikuja salamu za wagonjwa na matangazo ya vifo. Msiba wa Korogwe ulijulikana Kigoma siku hiyohiyo, na ndugu wakapanda gari.

Betri zilikuwa ghali. Zikichoka zilitolewa, zikapangwa juu ya bati kuanikwa juani, na jioni zikarudishwa. Joto lilizisukuma zikafanya kazi tena kidogo, labda usiku mmoja au miwili. Baba alikuwa akiwaambia wateja: "Usiiache betri iliyolia humo ndani." Betri iliyovuja huacha unga mweupe unaokula vyuma vya redio, na alikuwa na kopo zima la springi zilizoliwa hivyo. Nimelihifadhi, nawaonyesha wanafunzi.

Serikali nayo ilikijua kile kikao cha barazani ikakitumia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipanga watu katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima, na takriban watu milioni mbili walishiriki. Walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mimi sijaona mpaka leo chombo kingine cha habari hapa nchini kilichowatoa watu wengi hivyo kwenye kusikiliza kikawapeleka kwenye jembe.

Na muziki wa Tanga je?

Tanga ilikuwa na sauti kubwa kuliko ukubwa wa mji wenyewe. Upande wa taarabu walikuwapo Black Star na Lucky Star, aliyeimba humo Bi Shakila. Upande wa dansi Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Lakini bendi ingeweza kuujaza ukumbi wa Tanga kila Jumamosi na Mwanza wasiijue. Mlango mkubwa wa kutokea ulikuwa studio za RTD, Dar es Salaam. Ukirekodiwa kule, umevuka. Usiporekodiwa, umebaki na waliokuona. Ninaumia nikifikiria nyimbo ngapi za mji huu zimezikwa na waimbaji wake.

Kwa nini serikali ilishika redio peke yake kwa miaka mingi?

Nchi ilikuwa changa, na viongozi waliona redio ni kamba ya kuwafunga pamoja watu wa makabila zaidi ya mia moja. Kiswahili kilivyoenea, sehemu kubwa ni kazi ya redio hiyo. Pia kulikuwa na vita vya ukombozi kusini mwa Afrika, na mitambo ya Dar es Salaam ilitumiwa na vyama vya wapigania uhuru kuzungumza na watu wao kwenye masafa mafupi. Hilo ni jambo la fahari.

Upande wa pili ni kwamba mwananchi hakuwa na sauti nyingine ya Kiswahili ya kulinganisha, isipokuwa zile za ng'ambo: BBC iliyoanza Idhaa ya Kiswahili mwaka 1957, Sauti ya Amerika, na Deutsche Welle tangu 1963. Wazee wengi wa Tanga walikuwa na desturi ya kusikiliza RTD jioni kisha kuizungusha swichi kutafuta London. Hawakuwa wasaliti, walitaka kusikia pande mbili ndipo waamue.

Kwa nini redio inahitaji leseni? Mbona mtu akisimama sokoni akapaza sauti hadaiwi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Nenda asubuhi kwenye mnada wa samaki pale Deep Sea. Dalali mmoja akinadi, watu mia wanamsikia. Madalali wawili wakinadi palepale kwa mpigo, hakuna anayesikia bei ya samaki yeyote. Hewa ya redio iko hivyo. Bendi ya FM inaanzia megahezi 87.5 na kuishia 108, basi. Vituo viwili vya eneo moja vikirusha kwenye namba moja, unachopata ni mkwaruzo. Kwa hiyo lazima awepo wa kugawa namba.

Dunia ilijifunza hilo kwa taabu. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912, hewa ya Marekani ilijaa ujumbe wa kila mwenye mtambo, habari za kweli zikachanganyika na za uongo, na mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kudai leseni kwa warushaji. Mwaka 1926 mahakama ikasema serikali haina nguvu ya kuwagawia masafa kwa sheria ile. Vituo vikaanza kuhama namba na kuongeza nguvu ya mitambo kila kimoja kitakavyo, na kwa miezi kadhaa wasikilizaji wakapata kelele tupu. Sheria mpya ilikuja 1927, na mwaka 1934 ikaundwa tume ya FCC iliyopo mpaka leo. Uingereza ilichukua njia nyingine: kuanzia 1922 kila nyumba yenye redio ililipa shilingi 10 kwa mwaka, na BBC ikapewa uwanja peke yake.

Kwa hiyo leseni ilizaliwa na uhaba wa nafasi hewani. Shika hilo vizuri, tutalihitaji tukifika kwenye intaneti. Maana mwenye kugawa namba hupata pia nguvu ya kuuliza: "Na utasema nini humo?" Hayo ni maswali mawili tofauti, ila toka mwanzo yamekuwa yakipita mlango mmoja.

Mbona mjini napata vituo vya Pemba vizuri, lakini shangazi yangu Lushoto hapati redio ya Tanga?

Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, kama mwanga wa taa ya gari. Kati yetu na Pemba kuna bahari tupu, hakuna cha kuzuia. Siku za joto na shwari hewa ya juu ya bahari huyapeleka mbali hata zaidi, ndiyo maana jioni nyingine Mombasa inaingia kama iko Chumbageni. Shangazi yako amekaa nyuma ya Usambara. Mlima umemkinga, na atapata tu kama kuna mnara wa kurudisha mawimbi juu huko.

Ukitaka kuboresha nyumbani, chukua waya wa shaba vipande viwili, kila kimoja cha sentimita 75, utandaze pande mbili kama mikono iliyonyooshwa, uunganishe na sehemu ya antena. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita tatu, na jumla ya nyaya hizo ni nusu yake. Inafanya kazi.

Kuna jambo la kisheria hapo pia. Vituo vya Zanzibar unavyovisikia havisimamiwi na mamlaka ya bara. Utangazaji kule una tume yake, Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Sisi wa mwambao tunasikiliza chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja, na wengi hatujui.

Televisheni ilikuja lini?

Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tulisubiri miaka ishirini hivi, kwa kuwa serikali iliiona televisheni ni anasa wakati shule na zahanati hazijatosha. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 zikaja ITV, DTV na CTN, pamoja na Radio One. Huku bara televisheni ya serikali ndiyo iliyochelewa kuliko zote hizo.

Huku Tanga antena ilipandishwa juu ya mti wa mnazi uliokatwa, na mmoja alikaa nje akiizungusha huku mwingine akipiga kelele kutoka ndani: "Chenga! Rudisha! Hapohapo!"

Kwa nini tulilazimishwa kununua king'amuzi?

Mwaka 2006 nchi zilikubaliana Geneva, chini ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, kuacha mfumo wa analojia ifikapo Juni 2015. Tanzania haikungoja. Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na kwenye ratiba Tanga na Dodoma zilifuata mwishoni mwa Januari 2013.

Faida ilikuwepo. Nafasi ya hewani iliyobeba chaneli moja ya analojia inabeba chaneli kumi na zaidi za dijitali, na sehemu ya masafa yaliyoachwa huru yakapewa intaneti ya simu. Bando lako la leo linapita mahali palipokuwa na chenga. Ila gharama ya kuhama iliangukia kwa mtazamaji. Nakumbuka mama ntilie mmoja wa hapa mtaani aliyekuwa na televisheni ndogo kwenye kibanda chake, wateja wakala wakitazama mpira. Ilikaa na kitambaa juu yake miezi minane mpaka alipopata pesa ya king'amuzi.

TCRA ni nani hasa?

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kwa kuunganisha vyombo viwili vya mwaka 1993: tume ya mawasiliano, iliyosimamia simu na posta, na tume ya utangazaji. Sheria anayoitumia zaidi kila siku ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo watu huiita EPOCA. Ndiye anayegawa masafa, ndiye anayetoa leseni, na kupitia Kamati ya Maudhui ndiye anayesikiliza malalamiko na kuadhibu vituo. Nikwambie ninavyoona: kazi ya kugawa masafa ni ya kiufundi na inafanywa vizuri. Kazi ya kuhukumu maneno ingestahili chombo kingine, kilicho mbali na mtoa leseni.

Magazeti yako nje ya hapo. Yanaongozwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya magazeti ya 1976. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho.

Intaneti ilianzia wapi?

Marekani, kwenye mradi wa ARPANET uliolipiwa na wizara ya ulinzi. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969 kijana mmoja wa chuo kikuu cha UCLA alijaribu kutuma neno LOGIN kwa kompyuta iliyokuwa taasisi ya utafiti ya Stanford (SRI). Ikafika L, ikafika O, mashine ikazima. Ujumbe wa kwanza wa mtandao huo ulikuwa herufi mbili.

Tarehe 1 Januari 1983 mtandao huo ulihamia kwenye TCP/IP, kanuni zilizobuniwa na Vint Cerf na Bob Kahn, zinazotumika mpaka sasa. Wazo lake ni rahisi: ujumbe hukatwa vipande, kila kipande kikaandikwa anwani, kikatafuta njia yake, na mwishoni vyote vikapangwa upya. Ni sawa na kusafirisha magunia ya mkonge kwa malori tofauti. Moja likikwama Segera, mengine hupita kwingine.

Watu huchanganya intaneti na wavuti. Wavuti, yaani kurasa zenye viungo vya kubonyeza, ni kazi ya Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Uswisi. Alitoa wazo 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia itumie bila malipo. Hakuna aliyeomba leseni.

Na hapa kwetu ilifikaje?

Katikati ya miaka ya 1990, Dar es Salaam kwanza, kwa satelaiti. Satelaiti hizo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi lako linapanda na kushuka, na jibu nalo hivyohivyo, kwa hiyo kila ulipobonyeza ulingoja karibu nusu sekunde hata kama kila kitu kiko sawa. Na kwa kawaida hakikuwa sawa. Mapema miaka ya 2000 mimi nililipa shilingi mia tano kwa nusu saa kwenye intaneti kafe moja ya mjini, na dakika kumi za mwanzo zilikwisha nikisubiri barua pepe ifunguke.

Mabadiliko makubwa ni Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kupitia baharini, na EASSy ukafuata 2010. Mkongo wa taifa ukapeleka nyuzi hizo mikoani. Uzi wenyewe ni wa kioo, mwembamba karibu kama unywele, na ndani yake ni mwanga unaopita.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili ilikatika upande wa Afrika Kusini, na mtandao ukalegea nchi nzima. Wanafunzi waliniuliza kama nimesahau kulipia. Tukachukua ramani ya bahari ya Hindi ukutani, tukafuatisha kwa kidole kutoka Dar es Salaam kushuka mpaka chini. Lilikuwa somo zuri kuliko nililokuwa nimeliandaa.

Nani anaitawala intaneti?

Hakuna mnara mmoja wa kuuzima. Majina ya tovuti na namba za anwani zinaratibiwa na ICANN, shirika lililoundwa Marekani mwaka 1998. Majina yanayoishia na .tz yana msajili wake hapa nchini. Lakini waya unaoingia nyumbani kwako na mnara wa simu yako viko chini ya makampuni yenye leseni, na mwenye leseni huambiwa na akatii. Mwishoni mwa Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, mitandao kadhaa ya kijamii ilizuiwa. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa nchini, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Kompyuta zangu zote zilikaa kimya. Mzee jirani alitoa redio yake ya betri, akaiweka dirishani, akaigeuza uso nje.

Nikitaka kufungua chaneli ya habari mtandaoni, nahitaji leseni?

Ndiyo, kwa habari unahitaji. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ndizo zilizoanza kudai leseni, na gharama zake kwa jumla zilikuwa kama shilingi milioni 2.1. Wanablogu wengi walifunga. Kanuni zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usitumie karatasi ya zamani uliyopewa na rafiki. Soma masharti na ada za sasa kwenye tovuti ya TCRA.

Sasa rudi Deep Sea. Redio iliwekewa leseni kwa sababu hewa haitoshi. Mtandaoni hakuna uhaba huo: chaneli yangu haiifuti yako. Tumechukua kanzu iliyoshonwa kwa redio tukaivalisha intaneti, na kijana wa Makorora mwenye simu moja anadaiwa kibali kana kwamba anaziba masafa ya mtu. Uongo na matusi mtandaoni yana madhara, nimeyaona, na yanahitaji sheria. Lakini kumwadhibu aliyekosa ni jambo moja, na kumlipisha kila mtu kabla hajafungua mdomo ni jingine.

Nikisambaza ujumbe nilioletewa na mtu, kosa ni langu au lake?

Linaweza kuwa lenu nyote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo, kwa nia ya kudanganya au kuleta madhara. Kama ilivyopitishwa, faini yake ni kuanzia shilingi milioni tano, au kifungo kuanzia miaka mitatu, au vyote viwili. Ukipokea kitu kinachokutia hofu, kaa nacho kwanza, usikisambaze. Muulize aliyekutumia amekitoa wapi.

VPN, ile programu ya kuficha njia unayopita mtandaoni, inaruhusiwa?

Oktoba 2023 TCRA ilitaka watumiaji, hasa makampuni, waorodheshe VPN wanazotumia. Kanuni za maudhui zinakataza kuitumia kufikia vilivyozuiwa.

Mtu akinipiga picha akaitumia kwenye tangazo lake bila idhini?

Sasa una pa kushika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na ipo tume ya kupokea malalamiko. Hifadhi ushahidi: picha ya skrini yenye tarehe, na anwani ya ukurasa.

Tunataka redio ya jamii kijijini kwetu. Tuanzie wapi?

Nendeni Pangani mkaitazame Pangani FM, redio ya jamii iliyokua pamoja na shirika la UZIKWASA. Ukiisikiliza unasikia wavuvi, wakulima na akina mama wa kata za huko wakizungumza wenyewe, kwa lafudhi yao. Mambo ya bahari na mashamba yanazungumzwa na wenye bahari na mashamba.

Kisheria mnaomba TCRA leseni ya maudhui isiyo ya biashara pamoja na masafa, na leseni hutaja eneo mtakalofika. Lakini nimeona vikundi vingi vikianza na mnara wakati havina watu. Anzeni na kinasa sauti kimoja au simu. Rekodini vipindi kumi. Wasikilizisheni watu chini ya mwembe, muone wanakaa au wanaondoka. Mkiweza kuwaketisha watu nusu saa bila mnara, ndipo mkatafute mnara. Na pesa ya umeme na fundi ipangwe tangu siku ya kwanza, maana mtambo wa kurusha mawimbi haupendi umeme wa kukatika-katika.

Nina kaseti za zamani nyumbani. Nizitupe?

Usitupe hata moja. Usizicheze ovyo pia. Kaseti iliyokaa pwani hii miaka thelathini hushika unyevu, utepe ukagandamana. Iweke siku chache mahali pakavu penye hewa, si juani. Ingiza kalamu ya risasi kwenye tundu la meno, uuzungushe utepe polepole mpaka mwisho, kisha urudishe. Ukiona unga wa kahawia unatoka, acha hapo uniletee.

Mwaka juzi bibi mmoja wa Chumbageni alileta bati la biskuti lenye kaseti kumi na nne. "Mwanangu, humu mna taarabu tu," aliniambia. Tulizihamishia kwenye kompyuta moja moja. Kwenye ya tisa, katikati ya nyimbo zilizorekodiwa kutoka redioni, wimbo ulikatika, ikaja sauti ya mwanamume akimwuliza mtoto jina lake, mtoto akacheka, kisha muziki ukaendelea. Alikuwa mumewe, aliyefariki kabla simu za mkononi hazijafika mtaani kwao. Bibi alisema, "Rudisha." Nikarudisha. Tukakaa pale mpaka magharibi.